Kwa Nini Gari Linamisi Mvua Ikinyesha

Mvua za kwanza zikishuka, gereji hupata wateja wa aina moja. Gari lilikuwa zima wiki nzima. Asubuhi ya mvua limewaka kwa taabu, linatetemeka likiwa limesimama, mlimani halivuti, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Jua likitoka linatulia kana kwamba halikuwahi kuugua. Mwenye gari anaambiwa petroli imeingia maji. Jirani anamwambia ni pampu. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari anamwuzia sensa ya oksijeni. Mvua inayofuata ugonjwa uko palepale, na pesa imekwisha kutumika.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa sababu ugonjwa wenyewe hujificha: gari likifika gereji limeshakauka. Hata hivyo si uchawi. Katika magari mengi ya petroli, mvua haikuharibu kitu chochote siku ile. Kuna kitu kilichokuwa kimechakaa tangu zamani, kikawa kinajikongoja wakati wa kiangazi, na maji yakakiumbua. Ukishika hilo unajua pa kutazama, na unajua pia vitu gani usikubali kuuziwa.

Kumisi ni nini hasa

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Pistoni inaubana mchanganyiko huo, plagi inarusha cheche, moto unawaka na kuisukuma pistoni chini. Kumisi ni pale zamu ya silinda fulani inapofika na moto usiwake. Hewa imeingia, mafuta yameingia, lakini kazi haikufanyika. Kwenye injini ya silinda nne, ikimisi moja umepoteza robo ya msukumo, na zile tatu zinaendelea kuzungusha injini huku zikimburuta mwenzao. Ndiyo maana gari hutikisika kwa mapigo. Halilegei tu polepole kama linaloishiwa nguvu.

Haya yote hutokea kwa kasi kubwa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inahitaji cheche 25 kwa sekunde moja, na silinda nne kwa pamoja zinahitaji 100. Cheche moja moja ikikosekana dereva hajui. Zikianza kukosekana mfululizo, kiti kinamwambia.

Cheche haitoki kwenye betri moja kwa moja. Betri ni ya volti 12, na volti 12 haziwezi kuruka hata ule uwazi mwembamba ulio kwenye ncha ya plagi, ambao kwa kawaida ni kati ya milimita 0.7 na 1.1. Anayezipandisha ni koili: nyaya nyingi zilizozungushwa kwenye chuma, zenye kazi ya kugeuza volti hizo chache kuwa maelfu. Plagi nzuri inaweza kuhitaji volti 10,000 hivi ili cheche iruke, na zaidi ya hapo injini ikiwa na mzigo. Koili nzima ina uwezo wa kufika volti 30,000 au hata kupita, yaani ina akiba.

Umeme wenye nguvu kiasi hicho hautaki kubaki ndani ya njia yake. Unazuiwa na vihami, yaani vitu visivyopitisha umeme: kauri nyeupe ya plagi, mpira unaoivaa plagi kwa juu, ganda la waya wa plagi, plastiki ya koili. Ugonjwa wa mvua, mara nyingi, unaishi kwenye vihami hivi.

Umeme unatorokea wapi

Chukua mpira wa kumwagilia bustani wenye tundu dogo katikati. Mdomo wake ukiwa wazi, maji yanapita na pale kwenye tundu yanadondoka matone tu. Sasa ziba nusu ya mdomo kwa kidole. Tundu linaanza kurusha maji, ingawa halikuongezeka ukubwa. Kilichoongezeka ni msukumo, na maji yakatafuta njia nyepesi.

Plagi iliyochakaa ndiyo hicho kidole. Kila cheche hula kidogo chuma cha ncha ya plagi, uwazi unapanuka, na kadiri uwazi unavyopanuka ndivyo volti zinazohitajika kuuruka zinavyopanda. Ufa kwenye mpira wa plagi au kwenye plastiki ya koili ndilo tundu. Injini ikiwa kavu, hewa iliyomo ndani ya ufa bado inaukinga umeme kiasi. Mvua ikileta unyevu, ufa unajaa, na umeme unaona ni rahisi kuruka kwenda kwenye chuma cha injini kuliko kuruka ndani ya silinda. Cheche imepigwa kweli, ila imepigwa mahali pasipofaa.

Mtu anaweza kusema maji safi hayapitishi umeme vizuri. Ni kweli, lakini hakuna maji safi chini ya boneti. Tone likigusa injini linachanganyika na vumbi, chumvi ya barabarani, mabaki ya oili na masizi, na utando mwembamba wa uchafu huo uliolowa ni njia ya kutosha kwa umeme wa volti elfu kadhaa.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la swali linalowachanganya wengi: kwa nini gari linaunguruma vizuri likiwa limesimama lakini linamisi kwenye mlima? Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi zaidi inaingia kwenye silinda na kubanwa, na hewa iliyobanwa sana ni ngumu zaidi kurukwa na cheche. Volti zinazohitajika zinapanda ghafla. Kihami kilichovumilia injini ikiwa haina mzigo kinashindwa. Kwa hiyo fundi akifungua boneti, akasikiliza injini dakika mbili gari likiwa limesimama, kisha akasema haoni kitu, amesema kweli, ila hajapima.

Jambo jingine: cheche inayotoroka haiondoki bila kuacha alama. Inaunguza uso wa kihami na kuacha mstari mwembamba wa kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Safari inayofuata njia tayari imechorwa. Ndiyo sababu ugonjwa huu huwa unakua. Mwanzoni gari linamisi kwenye mvua kubwa tu. Baadaye umande wa alfajiri unatosha. Mwishowe linamisi hata kiangazi, na kila mtu ameshasahau kwamba lilianzia kwenye mvua.

Magari hayafanani

Magari ya zamani yana koili moja na distribyuta, chombo kinachogawa umeme kwa zamu kupitia nyaya hadi kwenye plagi. Hapo pana sehemu nyingi za kuvuja: waya wa koili, kifuniko cha distribyuta, rota iliyo ndani yake, nyaya zote za plagi na mipira yao. Kifuniko cha distribyuta kina ubaya wake wa pekee, kwamba unyevu unaweza kuganda kwa ndani usiku wa baridi hata kama nje ni kikavu. Ukikifungua na kukifuta kwa kitambaa kikavu gari linawaka. Mara nyingi ndani utakuta pia ufa mwembamba, au ule mstari mweusi unaotoka mguu mmoja hadi mwingine.

Kizazi kilichofuata kiliondoa distribyuta na kuweka koili moja kwa silinda mbili, nyaya zikabaki. Kwenye injini nyingi za silinda nne za mpangilio huo, silinda ya 1 na ya 4 zinatumia koili moja, ya 2 na ya 3 nyingine. Ni jambo dogo lenye faida kubwa: zikimisi 1 na 4 pamoja, anza na koili yao kabla ya kitu kingine.

Magari ya sasa yana koili iliyokaa juu ya kila plagi, bila waya wa plagi kabisa. Wengi huamini kwamba gari la namna hii halina ugonjwa wa mvua. Lina nyaya chache za kuvuja, sawa, lakini plagi yake imezama kwenye shimo refu, na shimo hilo likiingia maji hayatoki. Yanakaa kuizunguka plagi, injini ikipata moto yanageuka mvuke, na mpira wa koili unapikwa humo kila siku. Maji hayo hutoka wapi? Mara nyingi kwenye beseni lililo chini ya kioo cha mbele, pale zinapofungwa waipa. Lina mifereji ya kutolea maji, nayo huziba kwa majani makavu. Maji yanajaa na kumwagikia nyuma ya injini. Kwenye baadhi ya magari, kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini, ambacho watu hukiona pambo na kukitupa, ndicho kilichokuwa kinayaelekeza maji hayo pembeni. Mengine hutokana na mtu aliyeosha injini kwa mashine ya maji ya kasi. Na wakati mwingine kilichojaa kwenye shimo ni oili inayopenya gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Oili yenyewe haipitishi umeme, ila inaulainisha mpira wa koili hadi unavimba na kupasuka. Kubadilisha koili bila kubadilisha gasketi hiyo ni kujipangia safari nyingine ya gereji.

Ugonjwa unatokea saa ngapi?

Kama ningeruhusiwa kumwuliza mwenye gari swali moja tu, ningeuliza hili. Jibu lake linapunguza orodha ya washukiwa kuliko mashine yoyote.

Gari likimisi dakika chache za mwanzo asubuhi yenye unyevu kisha likatulia likipata moto, unyevu umelala juu ya vihami na joto la injini linaukausha. Tazama nyaya, mipira, distribyuta, mashimo ya plagi. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaojifananisha na huu: maji ya rejeta yanayovujia ndani ya silinda usiku kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Nalo linamisi asubuhi na kutulia baadaye. Tofauti ni kwamba hili halijali mvua, linamisi hata asubuhi kavu, maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, na moshi mweupe unaendelea kutoka hata injini ikiwa ya moto.

Likimisi tu baada ya kupita kwenye dimbwi, maji yanatoka chini. Angalia kama ngao ya plastiki iliyo chini ya injini bado ipo, kisha tazama sensa na viunganishi vya nyaya vilivyo upande huo. Sensa inayosoma mzunguko wa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa mfano, mara nyingi imefungwa chini. Ikikatika, injini huzima ghafla yote kwa pamoja. Haitetemeki kwa silinda moja. Mlio mkali wa kukwaruza pamoja na taa ya betri unaelekeza kwa feni belti inayoteleza kwa maji. Huo si ugonjwa wa kumisi, ingawa mteja ataueleza hivyo hivyo: gari linasumbua mvua ikinyesha.

Likianza vizuri na kuharibika baada ya kuendesha muda mrefu kwenye mvua kubwa, fikiria maji yanayojikusanya polepole: lile beseni la waipa, au njia ya kuvutia hewa. Kichujio cha hewa kilicholowa chepechepe kinaikaba injini nzima. Hapo gari linakuwa zito bila kutikisika, na tofauti hii ni ya kuishika vizuri: kutikisika kwa mapigo ni silinda moja au mbili, uzito wa jumla ni kitu kinachozihusu zote, kama hewa au mafuta.

Na kama gari lilizima katikati ya maji yaliyofunika barabara, usilipige stata tena. Huenda injini imevuta maji kupitia njia ya hewa. Maji hayabaniki kama hewa. Pistoni ikipanda na kuyakuta, kinachokubali kupinda ni konrodi, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki. Gari livutwe, plagi zifunguliwe, injini izungushwe maji yatoke, na oili ikaguliwe kama imekuwa nyeupe kama maziwa. Kila kitu kingine katika makala haya kinaweza kusubiri, hiki hakisubiri.

Kuuleta ugonjwa gereji

Kwa kuwa gari hukauka njiani, dawa ni kulilowesha kwa makusudi. Unahitaji chupa ya kupulizia yenye maji ya kawaida, mahali penye hewa na giza, na injini inayounguruma. Puliza ukungu mwembamba, usimwage, kwenye sehemu moja kwa wakati: waya wa kwanza, subiri, mpira wake, subiri, koili, subiri. Injini ikibadilika sauti, umefika. Gizani mara nyingi utaona cheche za buluu zikitembea juu ya waya au zikiruka kwenda kwenye chuma, na utasikia zikilia tak tak tak. Kama huoni kitu, mtu mwingine akae kwenye usukani na kuongeza mafuta kidogo, kwa sababu zile zilizosemwa juu kuhusu mzigo.

Tahadhari hapa si za kupamba. Usishike waya wa plagi injini ikiwa inawaka. Mshtuko wake unaweza kukurusha mkono kwenye feni. Nguo zinazoning'inia ziweke mbali na belti. Usipulizie altaneta (kifaa kinachochaji betri) wala bomba la moto la ekzosi. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asikaribie kabisa.

Kwenye gari lenye koili juu ya plagi huoni kitu, maana kila kitu kimefichwa shimoni. Hapo kompyuta ya gari inasaidia. Inapima mwendo wa kranki kwa umakini mkubwa: kila silinda ikichoma, kranki inapewa kasi kidogo, ikimisi, kasi inashuka kidogo kwa wakati unaojulikana. Kwa njia hiyo inajua ni silinda ipi. Namba ya hitilafu P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. P0300 ni kumisi kunakohamahama, kusikotulia kwenye silinda moja tu. Ukipata P0301, hamisha koili ya silinda ya 1 iende ya 3, na ya 3 ije ya 1, futa namba, endesha gari kwenye unyevu. Namba ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili haina kosa. Fuata plagi, kisha nozeli inayopulizia petroli, kisha mgandamizo wa silinda. Jaribio hili halihitaji kununua chochote, na bado watu wengi wanabadilishiwa koili zote nne kwa kubahatisha.

Kabla ya kufungua plagi, pulizia shimo hewa ya kompresa kwanza, la sivyo maji na mchanga vitatumbukia kwenye silinda. Ukiitoa, tazama kauri nyeupe. Mstari mweusi au wa kijivu unaoshuka kutoka juu kwenda kwenye chuma ni njia ya umeme uliotoroka, na ndani ya mpira uliokuwa umeivaa utakuta mstari mwenzake. Badilisha vyote viwili kwa pamoja. Mpira mpya kwenye plagi yenye alama utachorwa upya, na plagi mpya kwenye mpira wenye alama hali kadhalika. Ila usichanganye na utando wa kahawia unaoizunguka kauri karibu na chuma. Huo hutokana na chembe za oili zilizovutwa na umeme na hauna madhara, ingawa nimeona mafundi wakiutumia kumwambia mteja kwamba plagi zinavuja moshi.

Mtego wa sensa ya oksijeni

Hii inastahili nafasi yake, kwa sababu ndiyo inayokula pesa za watu. Silinda ikimisi, hewa iliyoingia inatoka na oksijeni yake yote bila kutumika. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi inaiona oksijeni hiyo na kuripoti kwamba hewa imezidi mafuta. Kompyuta, kwa kuamini, inaongeza petroli kwa silinda zote. Sasa gari linanuka petroli, linakunywa kupita kiasi, na namba za hitilafu zinataja mchanganyiko usio sawa na sensa. Mashine inasema sensa. Fundi anabadilisha sensa. Lakini sensa ilisema ukweli. Oksijeni ilikuwapo. Kukiwa na namba ya kumisi na namba ya mchanganyiko kwa wakati mmoja, shughulikia kumisi kwanza, kisha uone kama ile nyingine inarudi.

Taa ya injini nayo ina lugha mbili. Ikiwaka tuli, kuna hitilafu ya kushughulikiwa. Ikiwa inamwekamweka kwenye gari linalomisi, punguza mwendo na usilibebeshe mzigo, kwa sababu petroli isiyoungua inafika kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuungulia huko. Masega hayo ni ya kauri. Yakipata joto la namna hiyo yanayeyuka na kuziba njia ya moshi. Ukiona gari lililokuwa linamisi limepona kumisi lakini halikimbii tena, hapo ndipo pa kuangalia.

Maneno ya vijiweni

"Petroli imeingia maji kwa sababu ya mvua." Inawezekana, hasa kama mfuniko wa tangi ni mbovu au mafuta yalinunuliwa yakiwa na maji. Lakini maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi, na jua kulikausha boneti hakuyaondoi. Kama gari linapona kila jua likitoka na kuugua kila mvua ikirudi, bila kujaza mafuta mapya, tangi si mshukiwa wa kwanza.

"Hewa yenye unyevu ndiyo inayoiua injini." Mvuke wa maji kweli unachukua nafasi ya oksijeni. Kwenye nyuzi joto 30, hewa iliyojaa unyevu hadi mwisho ina mvuke wa karibu asilimia 4 ya ujazo wake. Hiyo inaweza kupunguza nguvu kidogo sana, kwa silinda zote sawasawa. Haiwezi kufanya silinda moja imisi na zingine zifanye kazi. Magari ya kabureta yana jambo la ziada: petroli inapovukiza inapooza kabureta, na kwenye hewa baridi yenye unyevu barafu inaweza kuganda humo hata nje kusipokuwa na barafu. Injini inazimika, unasubiri dakika chache, inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Pulizia WD-40 utapona." Inasukuma maji kutoka kwenye uso wa waya na kuliwasha gari lililogoma, kwa kutoka kwenye shida ni nzuri. Ufa haikuuziba. Ukijikuta unaipuliza kila mvua, unajua tayari mahali ubovu ulipo, maana ni pale unapopulizia.

"Weka grisi ya silikoni kwenye mpira wa plagi ipitishe umeme vizuri." Grisi hiyo haipitishi umeme, faida yake ni kinyume kabisa, kuzuia maji yasiingie na mpira usigandie kwenye kauri. Kiasi chembamba ndani ya mdomo wa mpira kinatosha, na kisifike kwenye ncha za chuma zinazogusana.

Na mwenye dizeli?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana, na zile plagi zake za kupasha joto ni za kusaidia kuwasha kwenye baridi. Kwa hiyo maelezo yote ya cheche inayotoroka hayamhusu, na akiambiwa abadilishe koili ana haki ya kucheka. Dizeli inayosumbua kwenye unyevu ipimwe kwa mpangilio mwingine: kichujio cha mafuta kwanza, kwa kuwa kwenye dizeli nyingi kina sehemu ya kutenga maji inayotakiwa kumwagwa mara kwa mara, kisha kichujio cha hewa, kisha viunganishi vya sensa. Na kwenye mafuriko dizeli iko hatarini zaidi, kwani nafasi iliyobaki juu ya pistoni yake ni ndogo, na maji kidogo yanatosha kupinda konrodi.

Ukishatengeneza, lowesha tena

Gari lililotengenezwa kiangazi haliwezi kutangazwa limepona kwa kuendeshwa kiangazi. Rudia jaribio la chupa ya maji, safari hii ukilowesha hata sehemu ulizobadilisha, kisha lipande mlima likiwa bado na unyevu, gia ya juu kidogo kuliko kawaida, mafuta yakikanyagwa taratibu hadi karibu na mwisho. Hapo volti zinazohitajika ziko juu kabisa, na kihami kibovu hakina pa kujificha.

Likimisi bado, na koili, plagi, nyaya na mipira vyote vimethibitishwa, hamia kwenye umeme mdogo. Vuta viunganishi vya koili, nozeli na sensa kimoja kimoja utazame kama shaba imegeuka kijani. Fuata waya wa ethi (wa kurudishia umeme kwenye betri) unaotoka kwenye injini hadi bodi ya gari, ufungue nati yake, ukwangue kutu na kuufunga upya. Sensa nyingi hufanya kazi kwa volti 5 tu, na kutu ndogo iliyolowa inatosha kuipa kompyuta habari za uongo. Ikiwa namba za hitilafu zinazorudi wakati wa mvua ni za sensa mbili au tatu zisizo na uhusiano, usizinunue. Kwanza tafuta mahali ambapo nyaya zao zinakutana.